Chetezo Ndani ya Gari Jekundu

Nimesomesha Kurani miaka mingi hapa Ibra, Omani, nimeswalisha Tarawehe, nimekaa na wazee wakanitaka shauri nikawapa, na katika umri wangu wote, alhamdulillahi, sijapata kufedheheka kama nilivyofedheheka Alhamisi moja asubuhi nje ya Nizwa, mbele ya umati wa watu, nimejaa unga mweupe kichwani mpaka miguuni na chetezo mkononi. Wenzangu wakikaa hupenda kuisimulia siku hiyo, na bora niisimulie mwenyewe, maana wao huongeza chumvi (mmoja husema niliwaka moto, na si kweli, ni ncha ya ndevu tu).

Nassor ni mtoto wa marehemu ndugu yangu. Tumemlea mimi na mke wangu, Bi Zuwena, tangu ana miaka minne, na Mungu hakutujaalia mwengine. Alipokuwa mtu mzima na kazi yake akaingia mashindano ya taifa ya magari ya mbio, yale ambayo magari yote ni ya aina moja, injini moja, matairi ya namna moja, msimu ule hata rangi ilikuwa moja, nyekundu, ili mtu asije akasema fulani kashinda kwa ubora wa gari lake. Walianza joto lilipovunjika, wakashindana mara tano, na ilipofika mara ya sita na ya mwisho, Nassor na kijana mmoja wa Sur, jina lake Khalfan, walikuwa sawasawa. Hesabu yake niliielewa hata mimi: atakayemtangulia mwenzake siku hiyo ndiye bingwa wa msimu mzima.

"Ami," Nassor aliniambia, "njoo uniombee dua. Dua tu. Usiguse kitu."

(Alisema hivyo kwa sababu mara ya nyuma nilikipaka kioo cha gari lake mafuta ya nazi, nikidhani kitang'ara, akaendesha mizunguko miwili haoni mbele.)

Nikakubali. Lakini asubuhi ya safari Bi Zuwena akanitilia mfukoni kipande cha udi, akanipa chetezo na makaa, akaniambia nilifukize gari la mtoto kama tunavyomfukiza bwana harusi, maana watu wana macho. Mimi ndiye ninayewaambia watu msikitini kwamba udi ni harufu, si kinga.

"Zuwena," nikamwambia, "kinga ni Mwenyezi Mungu."

"Kwani mimi nimesema udi ndio Mungu? Nimesema linukie."

Nikakichukua chetezo. Balaa zote zilianzia hapo.

Tulifika Nizwa Jumatano, Nassor akanionesha gari lake liliposimama, la tatu kutoka langoni, nikaliweka kichwani. Asubuhi ya pili, wakati yeye na mafundi wake wanakunywa chai, nikajiiba. Magari yalikuwa yamefunikwa maturubai kwa sababu ya vumbi. Nikahesabu, la kwanza, la pili, la tatu, nikainua upindo nikaona wekundu, nikaridhika. Wala sikujua kwamba alfajiri yalisogezwa yote kwa ajili ya ukaguzi yakapangwa upya, na nambari ubavuni sikuisoma kwa sababu miwani niliiacha Ibra juu ya msahafu. Na lile turubai ndilo lililonimaliza, maana nililiona limekaa vilevile kama nguo zinavyotandazwa juu ya tenga la kufukizia, moshi usitoke, nikasema subhanallah, hata kufunika wameshanifunikia. Nikawasha makaa, nikatia udi, kipande chote (kidogo kingetosha, lakini huyu ni mtoto wetu), nikakiweka chetezo chini ya kiti cha dereva, nikafunga mlango, nikateremsha turubai. Nikaweka mkono juu yake nikaomba dua fupi, kisha nikaenda kukaa kwenye kiti pembeni nikaanza Yasini.

Sijafika nusu, moshi ukaanza kutoka kila upande wa turubai, mwingi kuliko nilivyotaraji, nami bado nilikuwa nikifurahi kwamba udi ni mzuri. Mara nikasikia, "Hariik, hariik," yaani moto, moto, na wazima moto wanne wanakuja mbio na mitungi yao. Nikanyanyuka, nikawakimbilia nikisema ni udi, ni udi, kwa Kiswahili, Kiarabu changu chote kimenipotea, wao wameshalivuta turubai na kufungua mlango, na mimi nimeshaingiza kichwa ndani kukiokoa chetezo cha watu, kwani kile ni cha mama yake Bi Zuwena, kimetoka Unguja. Wakapuliza unga wao wa kuzimia moto. Chetezo kikapinduka, makaa yakamwagikia mikanda ya kiti, nikatoka humo sioni, kilemba kimeanguka, watu wamejaa wananitazama, na mwenye kipaza sauti anauliza kwa utulivu kabisa kama mwenye chetezo anajulikana.

Akaja kijana mmoja mrefu, amevaa nguo za mbio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani. Hili gari langu."

Alikuwa Khalfan wa Sur.

Nassor akafika nyuma yake, uso umemshuka. "Ami, nilikwambia usiguse kitu."

"Sikugusa chako," nikamjibu, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli yangu pekee asubuhi ile.

Wakaguzi wakatazama. Mikanda imeungua, kiti kimejaa unga, gari haliruhusiwi kuondoka hivyo, na mbio zimebaki saa moja. Wakaniuliza nani kanituma. Nikawaapia kwamba hakuna aliyenituma, nilidhani gari la mtoto wangu, na kila nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Nyuma nikamsikia mmoja anasema, "Hata Bahla hawafanyi hivi mchana," na Bahla, kila mtu anajua, ndiko wanakosingiziwa uchawi. Watu wakacheka. Nilitamani ardhi inifunike. Fedheha yangu ningeivumilia, mimi mzee, lakini jina la Nassor lilikuwa linachafuka mbele ya macho yangu, na aliyelichafua ni mimi niliyemlea.

Fundi wa Nassor akamvuta pembeni, si mbali na mimi. "Nyamaza tu. Yule haendeshi leo. Ushakuwa bingwa."

"Bingwa wa chetezo cha ami yangu," Nassor akamjibu. "Kombe hilo nitaliweka wapi?"

Akamgeukia Khalfan. "Magari yetu ni mamoja. Nina kiti cha akiba na mikanda yake. Kitakukaa."

Khalfan akamtazama kidogo. "Una yakini?"

"Shika upande huo, wakati unakwenda."

Wakafanya kazi pamoja, na mimi nikaokota kilemba changu, nikakichovya maji, nikawa nafuta ule unga, na hakuna aliyeniambia niache. Walimaliza wakaguzi wameshaanza kutazama saa.

Zile mbio sitazielezea sana, sikuweza kuzitazama. Nassor aliongoza karibu zote. Mzunguko wa mwisho, kwenye kona, Khalfan akampita, akamtangulia kwa urefu wa gari moja. Amekaa katika kiti cha Nassor, amefungwa mikanda ya Nassor, akachukua kombe la msimu.

Aliposhuka alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa jamaa zake, akanibusu mkono. "Mzee, mizunguko yote nanusa udi. Nilihisi naendesha kwenda kuoa." Nikamwombea heri, nikamaanisha.

Tukashika njia ya kurudi Ibra. Kwenye mji wa Mudhaibi tukasimama kuswali Alasiri, na tuliporudi garini Nassor hakuwasha.

"Ami. Pale kwenye turubai uliomba dua?"

"Niliomba."

"Ulisemaje?"

Nikasema, kwa sababu mtu ametoka kuswali sasa hivi hawezi kusema uongo: "Nilisema, Mola wangu, mpe ushindi mwenye gari hili."

Akaweka paji la uso juu ya usukani, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia, nikaanza kumtaka radhi, kumbe anacheka. Akacheka mpaka akatoka machozi. "Basi dua hiyo hata mimi nisingeiweza," akasema, akawasha gari.

Namshukuru Mungu kwa kijana huyo kuliko kwa kombe lolote. Chetezo kimerudi kabatini kwa Bi Zuwena, kimebonyea upande mmoja, na udi nafukiza nguo zangu tu. Na tangu siku ile, nikimwombea mtu, namtaja kwa jina lake na la baba yake na la babu yake, pasi na shaka yoyote, na mikono yangu inakaa mapajani.