Jiwe Lililopanda Mlima

Mtaani wanamwita Mama Nukta, na jina hilo halikuja kwa heshima. Siku ya kwanza alifika na mashine yake ya leza ameibeba mgongoni kama mtoto, akaisimamisha juu ya miguu mitatu ng'ambo ya bonde. Watu wakauliza hiyo nini.

"Inarusha mwanga," akajibu. "Mwanga unagonga mteremko, unarudi. Kila ulipogonga napata nukta, mamilioni ya nukta. Mwezi ujao napima tena, nalinganisha. Kama udongo umesogea, nitaona."

Fundi cherehani wa nyumba ya mwisho alicheka mpaka akakohoa. "Yaani mtu amesomeshwa miaka yote hiyo aje kuhesabu nukta?"

Basi, jina likaganda hapohapo.

Sasa, kupima mteremko ambao mama mkwe wako anakaa juu yake ni balaa. Mama huyo anakaa kwenye safu ya nyumba zilizojengwa katikati ya mteremko. Mvua kubwa zilipopasua ardhi juu ya safu hiyo, wote walihamishwa, wakalala kwenye madarasa ya shule. Wakachoka haraka. Mama mkwe hakuacha kupiga simu.

"Mwanangu, nukta zinasemaje? Maana mgongo wangu na sakafu hii havielewani."

Mama Nukta akapima, akarudia. Nyumba zote palepale. Akawaambia kwa mdomo wake mwenyewe: "Rudini, mlima umetulia." Wakarudi, na sufuria zao vichwani.

Kulikuwa na kituko kimoja tu. Juu kabisa ya mteremko kuna jiwe kubwa kama lori, na kila kipimo kilionyesha jiwe hilo limepanda kidogo. Ndiyo, limepanda. Ofisini walikufa kwa kicheko.

"Labda linakwenda kusalimia ndugu zake," mkuu wake akasema. "Mashine imechanganyikiwa. Futa hiyo sehemu."

Akaifuta. Na wewe ungeifuta, usijifanye.

Jumapili moja akaenda kumwona mama mkwe, akamkuta anasukuma mlango kwa nyonga.

"Shikamoo, Mama. Mlango una nini tena?"

"Marahaba. Mlango umenenepa. Seremala kaupunguza juzi, leo umegoma upya. Ingia basi, usisimame hapo kama polisi."

Hakuingia. Alikuwa anaangalia ukuta wa nje, kwenye kibao chake cha alama, kile cha miraba myeusi na myeupe. Hapa elewa kitu kimoja. Mashine ile haijui imesimama wapi. Kila safari inasimamishwa upya, kwa hiyo inahitaji vibao ambavyo havisogei, ndipo ijue vingine vyote viko wapi. Vibao vya kwanza alivifunga kwenye mwamba wa ng'ambo. Watu wa chuma chakavu wakaving'oa. Akafunga vingine, wakang'oa tena. Kwa hasira akavihamishia kwenye kuta za safu ya mama mkwe, maana pale kuna macho. Hata kuku hapiti mbele ya mama yule bila kuulizwa anakwenda wapi.

Vibao havikuibwa. Lakini mlango haugomi hivihivi; nyumba ilikuwa inateremka, na vibao pamoja nayo.

Jiwe halijapanda popote! Jiwe ndilo lililotulia. Safu nzima ilikuwa inashuka polepole, na mashine, iliyoambiwa kwamba nyumba hizo hazisogei, ikaona jiwe ndilo linalokwenda.

Akarudi ofisini, akavipanga upya vipimo vyote vya zamani, safari hii akihesabu lile jiwe na mwamba wa ng'ambo ndivyo visivyosogea. Nyumba zilikuwa zimeshuka upana wa kiganja, na mwendo ulikuwa unaongezeka. Mkuu wake akaangalia picha ile. Utani wote ulimwisha.

"Nani atawaambia?"

"Mimi. Si mimi niliyewaambia warudi?"

Akawakusanya uani kwa mama mkwe. Mawingu yalishaanza kujaa. Fundi cherehani hakumsubiri amalize.

"Juzi rudini, leo hameni. Wewe ni mpimaji au mpiga ramli?"

"Nilikosea," Mama Nukta akasema. "Nilifunga vibao kwenye kuta zenu. Kuta zinashuka, mimi nikawaambia zimetulia. Mashine haina kosa. Kosa ni langu."

Hakuna aliyesogea. Mwingine akasonya. Fundi akakunja mikono. "Sisi si magunia, dada, ya kuhamishwa kila ukijisikia."

Mama Nukta akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akaingia ndani, vitu vikasikika vinaburutwa, akatoka kinyumenyume akivuta godoro.

"Mama, na wewe?" fundi akashangaa. "Umemwamini?"

"Nimekula maharage mabichi ya huyu tangu aolewe. Siku zote kosa la jiko, kosa la kuni, kosa la maharage yenyewe. Leo amesema 'kosa ni langu', mbele za watu, na mimi nipo." Akafuta jasho. "Baba, mlima huu hauna utani. Shika upande ule."

Fundi akashika, akinung'unika, na kwenye nyumba ya jirani mtu akaanza kung'oa mapazia.