Imbwa ya Emérita ilishuka kilima mu kipoyi

Bibi yangu Emérita alikuwaka anacheka. Njo kitu ya kwanza watu wa Burungu watakuambia juu yake. Alicheka ku misa, padri akanyamaza, akangojea amalize. Alicheka ku kilio ya shangazi yake mwenyewe, juu shangazi alikuwa muntu wa kuchekesha na watu walikuwa wanahadisia mambo yake. Siku nilienda kumuposa, niliteleza mu matope mbele ya mulango ya baba yao, na kasiksi yote nilibeba, pombe ya ndizi, ikamwangika. Alicheka paka akakaa chini. Baba yake akaniambia: "Wengine wote aliwacheka na hawakurudi."

Miye nilirudi.

Alilima maharagi na viazi. Alikamua ngombe wetu, wakati tulikuwa nao. Alizaa, akazika, akakimbia vita, akarudi, akalima tena. Kisha, mu ile mwaka vita ilikuwa inazunguka Kitchanga, akaokota imbwa.

Ilikuwa ndogo, rangi ya majani ya kukauka. Sikio moja ilisimama, ingine ililala. Nikamuuliza itatufanyia nini. Akasema: "Tutaona." Ikabaki jina yake.

Tutaona ikakomaa muzuri. Halafu siku moja ikaamuka inachechemea, muguu wa mbele, wa kushoto. Emérita akaukanda na maji ya moto. Kesho yake ule muguu ulikuwa muzima. Wa kulia njo ulikuwa umevimba. Kesho kutwa, wa nyuma.

Jirani yetu Nzabandora akaja kutazama. Akaweka mikono ku kiuno.

"Mama Emérita, hii imbwa yako ni ya bongo, mwongo kabisa. Jana kilema huku, leo kilema huko. Inasahau ilidanganya muguu gani!"

Emérita alicheka paka machozi. Lakini nyuma ya siku kidogo hakuna muntu alicheka tena. Viungo vyote vikavimba. Mwili ukawa moto. Ukiigusa, inalia kama mutoto. Mwisho haikusimama tena.

"Itakufa," nikasema.

"Haitakufa."

Paul, daktari wa ngombe, alikuwa chini, Kitchanga. Zamani alikuwaka anapanda vilima vyote, lakini vita ilimufungia chini. Imbwa njo ilipaswa kushuka. Emérita akaifunga ku mugongo na kikwembe, sawa mutoto. Ikapiga kelele, wanawake wakatoka mu nyumba zao. Akaifungua.

Kwetu gari haifike ku nyumba. Mugonjwa anashuka mu kipoyi, kitanda ya kusuka na mianzi, miti mbili pembeni. Wanaume wane wanabeba, wane wanafuata kuwapokea. Kila nyumba inatoa muntu. Ukisikia mwito, unakuja mbio, ata kama mukono iko ndani ya sahani. Mukubwa wa kipoyi alikuwa ule ule Nzabandora.

Emérita akasimama inje, akaweka mikono ku mudomo.

"Mugonjwa kwa Sebarenzi! Mugonjwa kwa Sebarenzi!"

Sebarenzi ni miye.

Walikuja mbio, wote munane. Nzabandora akaingia wa kwanza, uso imejaa machozi. Akanikuta nakula viazi. Akanitazama. Nikamutazama.

"Karibu," nikasema.

"Muzee, unakula?"

"Ni viazi tu."

"Lakini unakufa!"

"Nani alisema?"

Inje, Emérita alikuwa amejishikilia ku nguzo, hawezi kusimama juu ya kucheka. Alipopata pumzi akawaonyesha imbwa.

Wakakasirika. "Mama, tumeacha mashamba juu ya imbwa?" "Kipoyi ni ya watu!" "Nilikuwa nachinja kuku, miye!"

Akawaacha wamalize. Kisha akauliza pole pole: "Kipoyi yenye imepanda, inashuka bure?"

Ku kilima yetu kipoyi yenye imeitwa haishuke bure. Tunasema itajitafutia muntu yenyewe. Ata wale wanasali sana hawapende kujaribu.

"Basi muchague," akasema. "Imbwa ao bwana yangu."

Wakanitazama. Wakati ule nilikuwa munene. Wakatazama imbwa.

"Imbwa," Nzabandora akasema.

Tukashuka. Emérita alikuwa ameifunika na kikwembe yake ya kanisa, juu ya jua. Mu njia watu walitoa kofia. "Ni nani?" wakauliza. "Ni wa kwa Sebarenzi," wabebaji wakajibu, bila kugeuza kichwa. Mama moja akafanya alama ya musalaba. Emérita alijifunika uso na kitambaa, mabega yanatetemeka, na wanawake wakamushika mukono: "Pole mama. Jikaze." Akatetemeka zaidi. Miye nilikuwa nyuma, mugonjwa mwenye walikuja kubeba, hakuna muntu aliniambia pole.

Tukafika ku bariere ya waaskari, kwenye wanafunga njia. Wakiturudisha, ile imbwa haitafika asubui.

"Simama. Nani huyu?"

Wabebaji wakatazama chini. Emérita akatoa kitambaa ku uso.

"Mugonjwa wa viungo, mwanangu."

Askari akainua kikwembe. Tutaona ikamutazama, ikatoa ulimi. Askari akarudisha kikwembe pole pole. Akafikiri. Akainua tena.

"Mama. Hii ni imbwa."

"Ndiyo."

"Na wanaume munane."

"Iko mugonjwa sana."

Akaita wenzake. Wakapita moja moja, wanainua kikwembe, wanatazama, wanarudisha, sawa vile watu wanaaga maiti. Wa mwisho akaegemea ku muti wa bariere na kulia machozi ya kicheko. "Mupite!" akasema. "Mupite mbio, mukubwa wetu akiona hii atataka nayeye abebwe!"

Paul akashika viungo kimoja kimoja. Akapima moto ya mwili. Akatafuta kupe, hakuona. Akachoma sindano ku goti, akavuta maji, akaiangalia ku mwangaza. Akatuuliza kama ilianza muguu moja ao yote. Nzabandora akaeleza ile mambo ya bongo. Paul hakucheka.

"Haikudanganya," akasema. "Hii ugonjwa njo inahamahama vile. Mu mwili ya kila kiumbe muko waaskari wa kuulinda. Wa hii imbwa wameacha adui. Wanashambulia nyumba yao wenyewe, wanavunja viungo vya yule wanapaswa kulinda."

Tukatazama imbwa.

"Kumbe ni mukongomani," Nzabandora akasema.

Paul njo alicheka wa kwanza sasa, paka akaangusha sindano. Tukacheka wote, mu ile nyumba ndogo, na mizinga ilikuwa inasikilika mbali ku vilima.

"Itapona?" Emérita akauliza.

"Kupona kabisa hapana. Kuna vinini, vidonge vya kulaza wale waaskari. Kila asubui, na chakula. Usiviache siku moja, wataamuka na kasirani. Nyuma tutapunguza pole pole. Itasikia kiu, itasikia njaa. Lakini juma ikiisha na haijasimama, mama, usiitese zaidi."

Vinini tulivipata kwa Mama Kavuo, wa kabila ya Wanande, mwenye duka karibu na soko. Aliongeza kipande ya fromaji, maziwa ya kugandisha, ya kuficha kinini ndani. Toka pale, ku nyumba, kila asubui Emérita alipiga magoti mbele ya gunia yenye imbwa ilikuwa inalalia na kuilisha fromaji ku kidole. Miaka yote ya ndoa yetu, miye sijaletewa fromaji kitandani. Nilimuambia. Akasema nianze kwanza kuvimba goti.

Imbwa ilikula. Haikusimama. Juma ikaanza kuisha, na Emérita akaacha kucheka. Nyumba ikawa kimya, sikujua nijiweke wapi.

Asubui ya mwisho, gunia ilikuwa bure, imbwa haiko.

Imbwa yenye inaenda kufa inajificha. Kila muntu anajua vile. Emérita akatafuta chini ya gala, akaingia mu migomba. Miye nilikamata jembe. Aliiona mu mukono yangu, hakuuliza ni ya nini.

Halafu sauti ikapanda toka chini, ya dada Nyirabagenzi, jirani wa huko: "Mwizi! Mwizi! Mukuje!"

Mu ile miaka wezi walikuwa na bunduki, ukisikia vile, unakamata matela ya kulalia na watoto unakimbia. Kilima yote ikaanza kukimbia kwenda juu. Emérita akakimbia kwenda chini. Nikamufuata na jembe.

Mu jiko ya Nyirabagenzi, Tutaona ilikuwa imesimama na miguu ya nyuma. Ya mbele iko ku mafiga. Kichwa yote iko mu chungu ya maharagi.

"Imesimama!" Emérita akalia.

"Inakula maharagi yangu!"

"Imesimama, dada! Tazama magoti!"

"Natazama chungu!"

Emérita akamukamata Nyirabagenzi na kumuzungusha, anacheza, mwiko ya dada inapiga hewa juu yao. Nyirabagenzi alitukana mara ya kwanza, akatukana mara ya pili, ya tatu ikageuka kicheko mu mudomo yake. Bwana yake Hakorimana akaingia na matela ku kichwa, akauliza kama waaskari wamefika ku kanisa. Hapo nami nikaanguka chini na kicheko. Imbwa haikutoa kichwa mu chungu.

Emérita alikufa mwaka jana, wakati ya kupanda maharagi. Sitaongeza neno hapo.

Vinini natoa miye sasa. Nusu, leo ndiyo, kesho hapana. Imbwa imezeeka, mudomo imekuwa nyeupe. Asubui inajinyoosha pole pole, kiungo kwa kiungo, nangojea.

Jana ilifukuza pikipiki ya katekista paka ku kona. Haikuipata. Lakini ilikimbia, na miguu yote ine, vumbi nyuma yake, na miye nilikuwa peke yangu mu njia napiga makofi.