Mama wa Chai Aliyezijua Waipa

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka mtaa wa Satellite nikaambiwa kwamba mama aliyekuwa na duka la spea karibu na steji amefariki, baada ya kuugua kwa majuma machache. Wasomaji wangu wa upande ule huenda waliwahi kununua kwake blade za waipa, zile za kufutia mvua kwenye kioo cha gari. Wengi hawakumjua zamani, alipokuwa akipika chai na kupanguza rafu katika duka la mzee mmoja Singasinga, Kirinyaga Road, penye maduka ya spea mjini. Mimi nilikuwepo siku aliyoacha kupika chai. Kifo chake kimenihuzunisha, lakini nikiikumbuka siku ile natembea kifua mbele.

Mjomba wangu, mwenye nyumba za kupangisha kule Kabiria, alikuwa amenunua gari kubwa la kifahari, lililotumika kwanza Japani. Jumamosi iliyofuata alikuwa amtoe binti yake nyumbani ndani ya gari hilo hadi kanisani, na mvua ya masika ilikuwa imeanza. Waipa zilikuwa zimechoka. Zilikwaruza kioo na kuacha ukungu mbele ya macho ya dereva. Tukaenda mjini, tukaliegesha mlangoni mwa duka la mzee yule. "Nipe zile za bei," mjomba akasema. "Gari kama hii haivai kitu rahisi, na Jumamosi inabeba bibi arusi." Mwenye duka akatoa boksi linalong'aa. Hapo ndipo mama akapita na sinia ya chai, akatazama boksi, akatazama gari, akasimama. "Mzee, hizo hazifai hiyo gari," akamwambia mwajiri wake. "Hizo ziko urefu moja. Hiyo ya Japani mikono yake ya waipa imekaribiana, inataka ndefu kwa dereva na fupi kwa huyu mwingine."

Mzee alikasirika. "Wewe weka chai, rudi ndani." Mama aliweka chai, lakini hakurudi ndani. "Nitarudi, mzee. Lakini huyu baba anabeba bibi arusi Jumamosi. Tujaribu zote mbili hapa nje. Kama nimekosea, leo ndiyo siku yangu ya mwisho kazini." Watu wa maduka jirani walikuwa wameshaanza kusogea. Mzee akatoka na boksi lake, akazifunga zile blade mwenyewe, na mama akamwaga maji kwenye kioo kwa ndoo ya kupigia deki. Mjomba akaziwasha. Blade mbili zikakutana katikati, zikagongana, zikakwama. Mama akaleta jozi yake katika boksi la kawaida, moja ndefu, moja fupi, akazitia, akamwaga maji tena. Kioo kikasafika mara moja, bila sauti. Makanika wakapiga makofi, na mjomba akashuka garini. "Mama, ulisomea wapi?" akamuuliza. "Sijasoma mahali. Ni kupanguza tu hizi maboksi. Miaka sita. Nikipanguza, nasoma." Mzee akalifunga boksi lake linalong'aa. Kisha akasema, "Kesho chai itapika mtu mwingine. Wewe iko kaunta."

Jumamosi mvua ilinyesha tangu Uthiru, nyumbani kwa mjomba, hadi mjini, na bibi arusi akafika kavu na kwa wakati. Mama naye alisimamia kaunta ile miaka kadhaa kabla ya kufungua duka lake, na makanika walitoka mbali kumuuliza yeye. Juzi, kwenye mazishi, mzee yule alisimama kwa taabu akasema, "Mimi ilikuwa na duka. Huyu mama ndiyo ilikuwa na kazi." Watu waliitikia kama wanaoitikia maombi.

Katika jiji hili tumezoea kuuliza mtu ana cheti gani na amekaa kiti gani kabla ya kumsikiliza. Wakati huo huo, kuna mtu anayefagia chumba chenye kiti hicho, ambaye amekisoma chote. Mama yule hakungoja kuulizwa, na mzee, baada ya kushindwa mbele ya majirani, hakuona aibu kumpa nafasi. Ujasiri wa mama nausifu, na unyenyekevu wa mzee pia. Siku hizi nikiingia ofisi yoyote na swali gumu, naanza na yule aliyeshika kitambaa cha kupanguza. Mara nyingi sihitaji kwenda kwa mtu wa pili.