Mtama Uliotangulia

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kuifuata pamba hadi vijijini, mimi nilikuwa mkalimani wa shirika moja la misaada. Nilipanga chumba Mabatini, mjini, na kila Jumatatu gari letu lilivuka kwa kivuko cha Kigongo kwenda kwa wakulima wa ng'ambo. Shirika lilileta mbegu ya mtama mfupi, mweupe, wa kukomaa mapema. Ilipotafutwa ardhi ya shamba la mfano, nikamtaja shangazi yangu.

“Utaiva peke yake,” alisema. “Sisi tunapanda pamoja ili hasara ya ndege tugawane. Huu wangu utaliwa na ndege wa wilaya nzima.”

Nilimweleza mtaalamu wa shirika, mzungu, kwamba mama huyu ana wasiwasi kidogo. Kidogo! Akatabasamu, akasema ndege wako kila mahali. Shangazi hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

“Wewe unasemaje, baba?”

Nikasema apande. Akapanda, palepale alipopategemea kwa chakula cha mwaka.

Mtama ukaiva wakati mtama wa majirani ungali kijani. Kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, wakaja kwa makundi. Walipotua shamba liliinama, waliporuka likainuka. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda kichanja cha kulindia ndege nikiwa na kombeo. Siku nzima nilizunguka pale juu kama mbuzi aliyefungwa, koo likikauka kwa kelele, na bado walikula.

Siku ya tatu mtaalamu akafika na wageni wa kupiga picha.

“Shuka ututafsirie,” akaniita.

Shangazi alielewa bila mkalimani. “Akishuka, tutakula nini? Mwambie na yeye ana mikono.” Akampa debe na kijiti.

Mtaalamu akapiga, kwa aibu kwanza, kisha kwa nguvu zote. Wanawake wa jirani wakacheka hadi wakashikana mabega. “Kaza, mzungu! Hao wameshakuzoea!”

Debe liliponyamaza, shangazi akasema, “Mwambie mwakani alete mbegu ya kijiji kizima, au asilete.”

Nilitafsiri yote kutoka kule juu, bila kupunguza, nikaongeza na yale niliyoyaficha mwanzoni. Mtaalamu akauliza majirani hupanda lini. Hakuwahi kuuliza hivyo.

Shangazi alilichukua lile debe. Alikwisha kuliona kundi jingine likitokea upande wa ziwa, na kihenge chake cha nafaka kilikuwa bado kitupu.