Podikasti Inayorudi Kusema Ilikosea

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, tumejazana kwenye chumba cha Mzee Ng'wandu kule Buswelu, vijana wa kompyuta watupu, tukimsikiliza Mmarekani mmoja akizungumza kwenye spika, na Masanja akimkatiza kila baada ya sentensi mbili ili atueleze kwa Kiswahili alichosema.

Juzi umeniuliza ufuatilie podikasti gani, sasa kwa kuwa umeanza kazi ya kutengeneza mifumo ya kompyuta kama mimi. Ulitaka orodha, najua, maana ulikuwa umeshashika simu tayari kuandika. Nitakupa kidogo, mwishoni. Kwanza nivumilie. Katika kazi yetu mwanamke wa umri wangu anatazamwa kama kiboko aliyepanda barabara ya lami, na mimi nikishapanda sina haraka ya kushuka.

Siku hizo bando lilikuwa ghali na la taratibu. Aliyekuwa na intaneti ofisini ndiye aliyepakua kipindi wiki nzima, akakileta kwenye flashi. Kiingereza cha vitabuni tulikiweza, ila hawa watu wa podikasti walikuwa wanameza maneno nusu, tena wanacheka katikati. Ndipo Masanja akawa mfalme wetu. Alipokuwa chuo, likizo zake alizitumia kutafsiri filamu kwenye banda la video pale Buzuruga. Kazi hiyo unaijua: filamu ya kigeni inaendelea, jamaa ameshika kipaza sauti, anakueleza kilichosemwa na kisichosemwa, na chumvi anatia kwa mkono wake mwenyewe. Masanja alikuwa na kipaji. Mtangazaji wa Marekani alimbatiza Bwana Maziku, na mgeni wa kipindi siku hiyo akawa Injinia Maduhu. Tulicheka kuanzia dakika ya kwanza.

Huyo Injinia Maduhu alieleza jambo zito, lakini. Hospitali waliyoihudumia ilikuwa na wagonjwa walioandikishwa mara mbili mbili, kila aliyepoteza kadi anafunguliwa faili jipya. Wakatengeneza programu ya kutafuta mafaili yanayofanana: jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, mahali mtu anapoishi, namba ya simu ya mzazi. Jina la kwanza waliliacha, kwa kuwa makarani waliliandika kila mmoja kivyake. Mafaili yakilingana katika hayo yote, programu inayaunganisha kuwa moja.

Masanja akasimama, mikono juu. "Yote yaliyorudiwa yakafyekwa! Hospitali ikapumua!" Tukapiga makofi.

Spika ilikuwa bado inaongea. Mtu mmoja akasema kipindi hakijaisha. Masanja akapunguza sauti, akasema hayo mengine ni maneno ya kuagana tu. Kwenye banda la video, mwanangu, stelingi, yule shujaa wa filamu, akishashinda watu wanaanza kutafuta kandambili zao, na mtafsiri mzoefu anajua kufunga hapo hapo. Na sisi tukatafuta zetu.

Mzee Ng'wandu, mwenye nyumba, alikuwa amekaa mlangoni kama kawaida yake. Alikuwa amestaafu kazi ya redio kwenye meli za ziwani, ile ya kupokea na kupeleka taarifa kati ya meli na bandari. Mambo ya mifumo hakuyafuata, ila kusikiliza alipenda. Akauliza swali moja tu: "Huyo mtu amemaliza kusema?"

"Amemaliza, mzee," Masanja akajibu, na tukaondoka.

Kati yetu alikuwepo Elikana, kijana mpole, aliyekuwa anatunza mfumo wa kituo kimoja cha afya upande wa Sengerema. Kituo sitakitaja. Na wao walikuwa wanalia na mafaili yaliyorudiwa. Elikana akarudi na alichosikia, akaandika programu kama ile ile, akaiendesha. Niliisoma baadaye. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana, na hilo ndilo lililoniuma.

Wanangu pacha, Kulwa na Doto, walikuwa wadogo, hawajaanza hata shule. Walikuwa wanaishi kwa mama yangu huko Sengerema, kwa sababu mimi nilikuwa napanga chumba kimoja Buzuruga na kazi ilikuwa hainipi nafasi ya kulea. Kulwa mzima. Doto ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Faili lake lilisema hivyo juu kabisa, kwamba mtoto huyu akija na homa au maumivu asirudishwe nyumbani. Sasa fikiria: ukoo mmoja, tarehe moja, kijiji kimoja, simu moja ya bibi yao. Faili la Doto likaunganishwa na la Kulwa, na lililobaki likasomeka la Kulwa. Huku kwetu Usukumani, ambako mapacha wana majina yao maalumu na heshima zao, ungedhani mtu angekumbuka. Kwenye chumba kile walikuwemo vijana walioitwa Kulwa, walikuwemo walioitwa Doto, na nilikuwemo mimi mama wa mapacha. Hakuna aliyekumbuka.

Wiki hiyo hiyo Doto akaamka analia miguu. Mama akapanda naye bodaboda mpaka kituoni. Nesi aliyekuwepo alikuwa mgeni, akafungua kompyuta.

"Bibi, huyu mtoto hana selimundu. Hapa haijaandikwa."

"Sasa kila mwezi nilikuwa namleta nani hapa?"

"Labda ni mwingine, bibi. Huyu anaonekana hana tatizo."

Wakampima malaria, haikuwepo. Wakampa dawa ya maumivu na kumwambia arudi nyumbani. Nesi simlaumu, alisoma kilichoandikwa. Mama akarudi kwenye benchi, akakaa na mjukuu wake mapajani, akanipigia simu.

Nikavuka na kivuko. Safari ile sijawahi kuisahau, na si kwa sababu ilikuwa na lolote la kusimulia. Ziwa lilikuwa limetulia, watu wanakula karanga, mimi nimesimama ukingoni natamani kushuka nisukume. Nilipofika nilikuta daktari anayemfahamu Doto ametoka kikaoni, amemtambua kwa sura pale pale kwenye benchi, amemwekea dripu na oksijeni na anatafuta gari la kumpeleka hospitali. Doto alipona. Nakwambia mapema usikae roho juu.

Elikana alikuja mwenyewe hospitali, uso umemshuka. Alikuwa ametunza nakala ya mafaili ya zamani, akayarudisha yote. Nikamuuliza wazo lile alilitoa wapi. Akanishangaa. "Si tulisikia wote, dada?"

Kipindi nilikuwa nacho kwenye simu. Nikakaa kwenye kibaraza cha wodi, nikavaa visikilizi, nikakisikiliza peke yangu mpaka mwisho. Baada ya pale Masanja alipofunga, yule injinia aliendelea. Alisema baada ya siku chache waligundua programu yao ilikuwa imeunganisha mapacha, na mtoto mmoja alikaribia kufa. Alisema ndiyo sababu alikubali kuja kwenye kipindi, kuwaonya wengine. Yale yote tuliyoyapigia makofi yalikuwa utangulizi.

Nilimchukia Masanja. Nasema wazi, nilimchukia. Niliwaandikia wenzetu ujumbe kwamba huyu mtu asionekane tena mbele ya kompyuta ya mtu. Yeye akaacha kupokea simu, tukasikia anafunga mizigo aende Geita kwa mjomba wake akauze spea. Nikasema safari njema.

Mzee Ng'wandu ndiye aliyetuita wote wawili. Nilifika nikamkuta Masanja ameshakaa, anatazama sakafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Doto?"

"Anaendelea vizuri."

"Ahsante Mungu." Kisha akasema na sisi sote, bila kupandisha sauti. Alisema katika kazi yake aliwahi kutangaza kwamba upepo mkali umepita, kumbe ndio ulikuwa unakuja. Alipogundua hakujificha wala hakuacha kazi. Alirudi hewani kwenye mawimbi yale yale, akaita chombo kimoja kimoja mpaka vyote vikamjibu, akasema taarifa niliyowapa ni ya uongo, ya kweli ni hii. "Kila mmoja alinirudishia maneno yangu kwa mdomo wake, nijue kasikia nini," akasema. "Wewe Masanja ukienda Geita, waliokusikia Jumamosi watabaki na nini?"

Kisha akanigeukia. "Na wewe mayu, ukimfukuza, nani atawaambia?"

Katika hasira yangu nilimwona Doto peke yake. Sikuwaza kwamba wale wengine waliopiga makofi nao wana mifumo yao: mmoja ana zahanati, mwingine ana shule, na wote wana mafaili yaliyorudiwa.

Jumamosi iliyofuata tukakaa chumba kile kile, spika zile zile. Masanja aliuacha utani wake nje. Hakukuwa na Bwana Maziku wala Maduhu. Akasema: "Jumamosi iliyopita niliwaambia huyu mtu amemaliza. Alikuwa hajamaliza. Nilikosea, na mtoto wa mwenzetu ameumia. Leo tunasikiliza mpaka mwisho." Akakiwasha kipindi, akasimamisha, akatafsiri, neno kwa neno, kavu kabisa. Tulipofika pale kwenye mapacha akasimamisha, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Tukasubiri. Akajaribu tena, akashindwa, machozi yanamtoka.

Nikasimama mimi. Nikasema: "Anasema waliunganisha mapacha. Anasema mtoto mmoja alikaribia kufa."

Vijana wawili wakanyanyuka pale pale, wakatoka nje mbio, na tuliwasikia uani wanapiga simu kazini kwao. Mmoja alikuwa ameshaiendesha programu ile tangu Jumatano. Mwingine alikuwa ameipanga iende yenyewe jioni hiyo.

Sasa chukua simu yako uandike.

Usifuatilie podikasti nyingi. Utajaza simu vipindi usivyovimaliza, kisha utakuwa na nusu ya kila wazo. Chagua chache. Chagua zinazowaalika watu waliokaa na mfumo wao miaka mpaka ukawauma, kuliko wanaosifia kitu walichokizindua wiki jana. Sikiliza mtangazaji: akiwa ni mtu wa kuuliza "halafu ikawaje?", mfuate, hata kama sauti yake inakwaruza. Mgeni asiyewahi kusema "sijui" mwache aende zake. Tafuta na moja ya watu wasiotengeneza mifumo bali wanaoitumia, manesi, walimu, makarani, uwasikie wanavyotulalamikia. Inaudhi, lakini inasaidia. Na usiwaharakishe kwa kile kitufe cha kuongeza kasi. Kama huna muda wa kumsikia mtu, msikie siku nyingine.

Ukishasikiliza, kabla hujagusa taarifa za mtu yeyote, mweleze mwenzako kwa maneno yako ulichosikia, na umwombe akwambie huku kwetu kanuni hiyo itamsahau nani. Waliokitengeneza kipindi wako mbali, hawamjui Kulwa wala Doto. Wewe unawajua.

Lakini kubwa kuliko yote, fuatilia podikasti inayorudi kusema ilikosea. Hizo ni chache sana. Mimi naijua moja, ya Kiswahili, inarekodiwa Buswelu kwenye chumba kile kile, na wakati mwingine utasikia kuku wa jirani. Mzee Ng'wandu alishatangulia, Mungu amrehemu, ila kiti chake bado kipo mlangoni. Masanja hakwenda Geita. Kila kipindi anakianza hivi: "Kabla ya yote, haya ndiyo niliyokosea mara iliyopita." Siku nyingine ni jambo dogo la kuchekesha, siku nyingine si dogo. Mwaka huu alisoma ujumbe wa mwanafunzi wa chuo aliyemsahihisha jambo la hifadhidata, akamshukuru kwa jina. Mwanafunzi huyo ni Doto wangu.

Mungu akupe masikio ya kuvumilia mpaka mtu amalize, mwanangu. Akupe ulimi usioona haya kurudi. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, akuwekee mlangoni mtu wa kukuzuia usiende Geita.