Plasmidi za Viwavi wa Igowole

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa msaidizi wa maabara katika kituo cha utafiti wa kilimo nje ya mji wa Mbeya. Shule niliiacha darasa la nane. Mengine niliyapata katika majarida ya zamani yaliyorundikwa stoo, kamusi ikiwa pembeni.

Kazi yetu ilikuwa bakteria wanaoua viwavi. Nikiwa likizo kwa mama yangu, Igowole, niliokota viwavi waliokuwa wakining'inia, weusi na walegevu, kwenye miti nyuma ya nyumba. Katika mizoga ile, niliyoipeleka kituoni, tulipata bakteria wakali. Tuliwapasua, tukaweka yaliyotoka ndani yao kwenye jeli na kuipitishia umeme, na chini ya taa ya zambarau ikaonekana mistari mitatu myembamba iliyokimbia mbali kuliko mingine. Hizo zilikuwa plasmidi ndogo: vipande vya urithi vilivyojifunga kama pete ndani ya bakteria.

"Zina kazi gani?" nilimwuliza mkuu wangu.

"Ndilo tunalotafuta. Labda zinabeba sumu. Labda ni abiria tu."

Majarida yalinieleza jambo lililonikosesha raha: bakteria hupeana pete kama hizo. Hata bakteria wa matumboni mwa watu walikuwa wamepeana hivyo uwezo wa kushinda dawa.

Wiki hiyohiyo dereva wa lori la chai alileta ujumbe kutoka kwa mama. Binti yangu wa miaka minne, aliyekuwa akilelewa na bibi yake kama ilivyo desturi kwetu, alikuwa na homa na anaharisha. Kwa mama, viwavi ni kitoweo, na huvunwa kwenye miti ileile.

Nilijua kwamba sumu ile huyeyuka katika utumbo wa kiwavi, ulio kama maji ya magadi, na kwamba tumbo la mtu lina asidi. Lakini nilijua pia kwamba mbegu za bakteria hao huvumilia kuchemshwa. Na pete je? Ndani ya basi nilipanga moyoni ninayoyajua upande mmoja na nisiyoyajua upande wa pili. Kabla hatujafika Makambako, upande wa pili ulikuwa umenitisha kiasi kwamba niliacha kupanga.

Nilimkuta mtoto mkekani, midomo imekauka.

"Amekula viwavi?" nilimwuliza mama.

"Amekula. Kwani wewe ulikua kwa kula nini, baba? Biskuti?"

"Waliokufa wenyewe?"

"Tangu lini nyumba hii inakula mizoga? Tunachuma walio hai."

"Aliye hai naye anaweza kuwa mgonjwa, mama."

"Haya. Mbeya wamekufundisha kuogopa mboga."

Nilitoa mkobani chupa ndogo yenye kifuniko, nikamwambia nataka choo cha mtoto nikakipime. Utani ukamtoka usoni. Alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo.

"Mavi ya mtoto mgonjwa hayapandishwi gari," alisema. "Yakianguka mikononi mwa mwenye nia mbaya, akamroga, nani atamrudisha?"

"Ni mimi nitakayebeba, mama. Baba yake."

"Na ukisinzia njiani?"

Yeye aliogopa mkono wa mtu asiyemwona. Mimi niliogopa pete nilizoziona kwenye jeli na nisizozielewa. Ningeweza kushindana naye. Lakini jibu la maabara lingechukua siku nyingi, na ngozi ya tumbo la mtoto, nilipoifinya, haikurudi upesi: maji yalikuwa yakimwishia mwilini. Niliirudisha chupa mkobani.

Tulimbeba hadi zahanati, tukapewa vidonge vya malaria. Tulimnywesha maji yenye chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko, tukipokezana. Kila alipolala nilisogeza sikio puani mwake. Alipojikunyata kwa maumivu nilimwona kiwavi akilini, jinsi anavyoacha kula kwanza, kisha anavyolegea.

Asubuhi moja homa ilikuwa imeshuka. Mtoto aliketi, akatutazama kama watu waliomchelewesha.

"Bibi, nina njaa. Nataka viwavi."

Mama hakwenda jikoni. Alinigeukia, akisubiri baba wa mtoto aseme. Sikuwa na ushahidi wa kukataza, wala wa kuruhusu.

"Uji kwanza," nilisema.

"Halafu viwavi?" akauliza mtoto.

Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Mimi sikuweza.