Simu ya Mchora Hina

Mchora hina wa Mlingotini huupakata mguu wa bi harusi, hubana koni ya hina kwa vidole viwili, na kila ua likikaa sawa huguna, "Mm!" Bila taarabu mkono wake hauendi, na hapo ndipo simu inapomtia wazimu. Alipofiwa na mumewe alikaa eda chumbani, akisikiliza kaswida za mauti tangu asubuhi hadi jioni, na simu ikakariri kuwa hizo ndizo azipendazo. Siku hizi huiwekea wimbo wa mapenzi. Ukiisha tu, simu yenyewe inachagua unaofuata: kaburi, sanda, kaburi tena. Vidole vimejaa hina, basi huibofya kwa kiwiko, akakosea, sauti ikazidi kupanda.

"Bibi, kwani mie naolewa au nazikwa?" bi harusi wa jana alimuuliza, nyumba nzima ikaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Aliweka koni chini, akaikodolea macho ile simu.

"Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, mwanangu. Eda ikaisha, nikaoga, nikatoka. Hili dude nani kalituma linirudishe?"